Shajara ya kusi: kutafuta pahala pa kusaka nguruwe karibu na nyumbani, kaskazini Pemba

Mei, masika yanaelekea kwisha

Mpunga wa bondeni unatoa masuke na nguruwe wameshapata habari. Muhogo wa juu wameuanza zamani, sasa wanateremka.

Shajara hii ni ya kuweka kumbukumbu za pahala. Msako wenyewe una watu wake. Shehia ya pili kuna kikundi cha wasasi chenye mbwa, nyavu na mikuki, na huja wakiitwa, madhali wamepata nauli na chai. Kila wakija huuliza swali moja: "Mchana wanalala wapi?" Nasi kila mara tunanyoosha mkono upande wa Ngezi, tunasema, "Msituni huko." Wanazunguka ukingoni mpaka jua linakuwa kali, mbwa wanatoa ndimi, watu wanarudi na nyavu kavu. Usiku ule ule muhogo unachimbwa tena.

Ngezi ni msitu wa hifadhi, zaidi ya hekta 1,400, na hauingiliwi na mbwa na mikuki kwa kujisikia. Hata ungekuwa wazi, mimi sioni haja. Nguruwe anayekula mashambani Konde usiku hana sababu ya kwenda kulala Vumawimbi, ng'ambo ya msitu. Ana miguu mifupi na akili nyingi: atajilaza pa karibu, penye kivuli, tope na mwiba wa kutosha kumzuia mtu. Kazi yangu msimu huu ni kuvijua vilalo hivyo, vile ambavyo mtu anafika kwa miguu kutoka kwetu, na kujua kipi kinasakika na kipi hakisakiki.

Niliandike na hili mapema, maana kila nikizungumza na jamaa wa Unguja tunapishana. Nguruwe wao ni mnyama wa pori wa Afrika, mwenye singa ndefu mgongoni. Huyu wetu wa Pemba asili yake ni nguruwe wa kufugwa aliyerudi mwituni. Wazee wanasema aliachwa na Wareno, waliotamba mwambao huu tangu karne ya 16 mpaka walipotolewa Mombasa mwaka 1698. Mchezo wa ng'ombe nao tunaambiwa umetoka kwao. Ng'ombe angalau tunamcheza sisi; nguruwe anatucheza yeye. Na kwa kuwa damu yake ni ya mfugo, anazaa kama mfugo: mimba ni siku 115 hivi, watoto ni wengi kwa mkupuo, na jike hushika mimba hata mwaka hajautimiza. Ukiua dume moja kwa mwezi hujapunguza kitu. Pahala ninapopatafuta ni pale wanapolala majike na watoto wao.

Juni, siku za mwanzo

Nimeanza na shamba, si na msitu. Asubuhi baada ya mvua, kabla watu hawajapita, natembea pembezoni mwa bonde na kutafuta walipotokea. Wanapoingia usiku hutapakaa, kila mmoja na njia yake. Wanapotoka alfajiri huungana na kushika njia moja. Kwa hivyo nyayo za kutoka ndizo zenye thamani.

Unyayo wa nguruwe kwenye tope hauna shida kuujua. Kwato mbili za mbele ni za duara na zimeachana kidogo, na nyuma yake, kwa pembeni, kuna vidoa viwili vya vile vikucha vya juu. Mbuzi vidoa hivyo haviweki ila akizama sana. Paa unyayo wake ni mdogo mno, umechongoka, unaweza kuufunika kwa vidole viwili.

Njia ya kutoka nikishaishika naifuata mpaka inapoingia gugu, hapo nasimama. Siingii. Naangalia mashina. Nguruwe hana jasho la kumpoza, hujigaragaza topeni, na akitoka hujikuna kwenye mti. Tope lililokauka shinani linakwambia amepita lini na ana kimo gani. Lililofika gotini mwangu ni la jike au kijana; lililopanda mpaka pajani, hilo ni dume, na mbwa wanahitaji kuambiwa kabla.

Alama naziweka kwenye ramani ya simu. Picha za setilaiti zinasaidia kuona mapengo ya kijani baina ya mashamba, lakini hazikuonyeshi kama kijani hicho ni mwiba au ni mikarafuu. Na kichaka kikubwa kwenye picha mara nyingi ni kitupu, wakati kilalo chenyewe kipo kwenye kipande ambacho ukikitazama kwa juu unakidharau.

Juni, wiki ya pili

Habari bora kuliko ramani nimezipata kwa wanawake wa kuni.

Wanaume ukiwauliza wanakupa hadithi za usiku, tochi na dume kubwa kama punda. Bi mkubwa mmoja anayeokota kuni upande wa mikarafuu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, nyinyi mnawatafuta usiku na matochi. Mimi nnawasikia saa nne asubuhi wanaguna, pale kwenye mikarafuu ya wale waliohamia mjini."

"Umewaona, bibi?"

"Niwaone, nikae? Nliziacha na kuni zangu."

Nikamuuliza wanaguna siku zote au siku moja moja. Akafikiri, akasema wakati wa jua kali ndiyo huwasikia, mvua ikinyesha huwa kimya. Hilo lina maana. Pale chini kuna kijito, na kijito kikipungua kinaacha matope mazuri. Mvua ikiwa nyingi, tope liko kila pahala na hawana haja ya kubanana hapo. Kwa kusi, mvua zikiwa chache, watarudi pale pale.

Tangu hapo nimekuwa nikiwauliza wakata makuti, watoto wanaopeleka ng'ombe malishoni, na vijana wanaokwenda kukamata kaa. Swali ni hilo hilo: saa ngapi, na hali ya hewa ilikuwaje. Swali la "wapi" kila mtu analijibu. La "lini" ndilo linalochuja.

Juni, mwisho

Sasa nina pahala patatu pa maana na vichaka kadhaa vya kubahatisha ambavyo sitaviandika.

Pa kwanza ni ukanda wa gugu kati ya bonde la mpunga na mpaka wa Ngezi. Mrefu, mwembamba, umejaa miiba na mipapindi michache, miti ya jamii ya mnazi, iliyotoroka msituni. Nyayo ni nyingi mno, za kuingia na kutoka, na kuna za vitoto. Bonde liko kusini yake, msitu uko kaskazini.

Pa pili ni ile mikarafuu ya bi mkubwa. Shamba halijapaliliwa kwa muda mrefu, majani yamefika kifuani, na chini kuna kijito.

Pa tatu ni ukingo wa hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, pale mikoko inapokutana na minazi. Hapa nyayo zinatatanisha: zinaingia kwenye mikoko kisha zinapotea, maana maji yanazifuta. Vijana wa kaa wanasema nguruwe huingia maji yakipwa, wanafukua mizizi na kula kaa, na wanalala humo humo penye ardhi iliyoinuka kidogo.

Kwenye ukanda wa kwanza nimekuta mitego ya waya. Vitanzi vimefungwa kwenye miti midogo kwa urefu wa goti, na kimoja kilikuwa na manyoya ya paa. Nimemwita sheha, amekuja mwenyewe, tumevikata vyote tulivyoviona. Mimi na mtego wa waya hatupatani. Nguruwe mkubwa huukata na kwenda zake na jeraha, na nguruwe mwenye jeraha ndiye anayemgeukia mwanamke wa kuni. Paa, ambaye hakula punje ya mtu, ndiye anayenasa na kufa. Tena pahala penye waya mbwa hawaingizwi. Msasi akisikia kuna waya anafunga mbwa wake na kuondoka, na ana haki. Kwa hivyo kabla ya msako wowote, ukanda ule utapitiwa tena mti kwa mti.

Julai, mwanzo

Ruhusa. Sehemu hii haina utamu lakini ndiyo imekula wakati.

Ukanda wa kwanza: nimekwenda kwa watu wa misitu pale langoni Ngezi, nikawaonyesha kwenye simu. Wamekubali kwa masharti ya maana: nyavu zote ziwe nje ya alama za mpaka, mbwa wakivuka waitwe warudi, na mmoja wao awepo. Hilo la mwisho nilikuwa nitaliomba mwenyewe. Akiwepo, hakuna atakayesema kesho kwamba tulikwenda kutafuta paa kwa jina la nguruwe.

Mikarafuu: ardhi ni eka, zile eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi, na mrithi wake yuko Unguja. Nimempigia. Hakatai, ila hataki tukate tawi la mkarafuu kupitisha nyavu, na hataki msako wakati wa uchumaji. Sawa.

Hori: hapana mwenyewe wa mikoko, lakini minazi ina wenyewe wengi, ndugu ambao wao kwa wao hawasemi vizuri. Sheha amesema nimwachie yeye.

Julai, katikati

Msasi mkuu amekuja kuona. Ni mzee mwembamba, maneno machache. Tulipofika ukanda wa kwanza akatoa kitambaa chenye majivu, akakikung'uta, majivu yakaelea kuelekea msituni. Akacheka.

"Hapa pana msimu wake," akasema.

Akanieleza, nami naandika kwa maneno yangu. Nguruwe haoni vizuri ila pua yake haina mfano. Wanaopiga kelele na mbwa huingia upande unakotoka upepo, ili harufu itangulie iwasukume wanyama. Wenye nyavu na mikuki hukaa upande upepo unakokwenda, kimya, kwa sababu hapo harufu yao hairudi kichakani. Wakati wa kusi upepo unatoka kusini, kwa hiyo mbwa wataingilia bondeni na nyavu zitakaa kaskazini, baina ya kichaka na msitu. Na msituni ndiko nguruwe anakotaka kukimbilia. Upepo, nia ya mnyama na sheria ya mpaka, vyote vinakubaliana. Kaskazi likianza inakuwa kinyume: mbwa wangelazimika kuingilia Ngezi, jambo lisilowezekana, na nguruwe wangesukumwa kwenye mashamba na nyumba za watu. Kwa hiyo pahala pale pale panafaa kuanzia sasa mpaka kusi litakapolegea, halafu ni pa kuacha.

Nimebadilisha ramani yote kwa ajili ya maneno hayo. Kila alama sasa ina mshale wa upepo.

Kwenye mikarafuu hakufurahi. Alisimama juu ya kijito akatazama, akasema gugu ni zito mno, mbwa hawatauona mkuki na mwenye mkuki hatamwona mbwa. Kwa maoni yake pasakwe baada ya kufyekwa njia mbili za kupita watu. Mwenye shamba amekubali kufyekwa majani, miti isiguswe.

Hori alilitazama muda mrefu, kisha akaniuliza bamvua, zile siku za maji makubwa, ni lini.

Julai, baadaye kidogo

Tulikuwa na mazungumzo mengine barazani, ya tohara. Vijana wetu wanataka kusaidia lakini wanahofia mbwa na nguruwe, wote wawili najisi nzito. Maalim amewatuliza. Mbwa wa kuwinda na wa kulinda mazao ana ruhusa yake katika dini. Palipoguswa na mate ya mbwa au damu ya nguruwe panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nyavu na mikuki hali kadhalika. Kijana mmoja akauliza vipi kama udongo wenyewe ni ule nguruwe aliojigaragaza. Baraza zima likacheka, lakini swali lake limenipa sharti jipya la pahala: pawe na maji safi na udongo safi pa karibu, mbali na tope lao. Ukanda wa kwanza una kisima cha bondeni. Mikarafuu kijito chake kimechafuliwa, itabidi madumu yabebwe. Hori ni maji ya chumvi, nako madumu.

Sharti jingine ni la mbwa wenyewe. Pemba imehangaika sana na kichaa cha mbwa, na kampeni za chanjo zimesaidia. Mbwa asiyechanjwa hatumtaki, na mbwa aliyevushwa na chombo kutoka kwengine bila cheti hatumtaki hata awe hodari vipi. Msasi mkuu wake wote wamechanjwa. Alituonyesha kadi bila ya kuulizwa.

Mzoga tutauzika pale pale, shimo refu, ili mbwa wa mitaani wasifukue.

Agosti, mwanzo

Ukanda wa kwanza umesakwa.

Siku moja kabla tulipita mti kwa mti, tukakuta waya mwengine mmoja, mpya. Aliyeuweka anatusoma. Asubuhi upepo ulikuwa wa kusi thabiti. Nyavu zilipangwa kabla jua halijapanda, mita chache nje ya alama, bwana misitu akizihakiki moja moja. Mbwa wakaachiwa bondeni.

Ilikuwa fupi kuliko nilivyofikiri. Kelele, kisha kimya cha kuudhi, kisha gugu zima likawa linatembea. Walitoka kwa mkupuo kwenye zile njia mbili nilizoziwekea alama mwezi wa Juni, na nyavu zilikuwa pale. Majike mawili na vijana kadhaa. Dume hakutoka na wenziwe. Alibana, akampasua mbwa mmoja begani kwa meno yake ya nje, akapita penye pengo la nyavu mkono wa magharibi akaingia msituni. Hakufuatwa. Mbwa ameshonwa na anatembea.

Paa alitoka mmoja, mapema, na wenye nyavu wakaushusha wavu akaruka juu yake. Bwana misitu alilipenda hilo kuliko yote.

Kwa shajara: pengo la magharibi ni pale ardhi inapobonyea, wavu haushiki chini. Panahitaji vigingi vya kuusimikia au watu wawili zaidi. Njia ya tatu, ya mashariki, ambayo niliidhania kubwa, haikutoa hata mnyama mmoja; zile nyayo ni za kurudi usiku kwenda mpunga. Nimeifuta.

Agosti, bamvua

Hori ni pahala pa ajabu, na nadhani ndipo penye faida kwetu kwa muda mrefu, maana hapategemei kusi peke yake.

Huku kwetu bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa saa nne. Siku za maji mafu, yasipojaa sana, mikoko ya ndani haifunikwi na nguruwe wanaweza kushinda humo bila kutoka. Lakini bamvua likisimama, kufika saa kumi alasiri maji yameingia mpaka kwenye michu, ile mikoko ya ukingoni, na visiwa vyao vya kulalia vimezama. Wanasogea juu, kwenye ukanda mdogo wa gugu kati ya maji na minazi, na kuna saa mbili za mwangaza kabla ya magharibi. Maji yenyewe ndiyo yanayowakusanya. Mbwa wachache wanatosha.

Safari hii hatukusaka. Nilitaka kuona tu. Nilikaa juu ya mnazi ulioinama, upepo ukinijia usoni, na maji yalipokaribia kujaa wakaanza kutokea mmoja mmoja, wameloa mpaka tumboni, vitoto vikiogelea nyuma ya mama zao. Nguruwe anaogelea vizuri sana, jambo ambalo mwenye nyavu anapaswa kulijua: akibanwa hawezi kuzuiliwa na maji, atavuka hori. Itabidi kuwe na mtumbwi mmoja au miwili upande wa pili, na watu wenye kupiga makasia kwa kelele.

Sheha amewapatanisha wale ndugu wenye minazi kwa upande wa msako tu. Mengine yao wenyewe.

Agosti, mwisho

Mikarafuu imefyekwa njia mbili. Ile ya juu imewahamisha: bi mkubwa anasema hawasikii tena tangu panga lianze. Natarajia watarudi gugu likitulia, ila uchumaji wa karafuu umekaribia na ahadi kwa mwenye shamba ni ahadi. Pahala hapa panasogezwa mpaka baada ya mavuno.

Ukanda wa Ngezi, nyayo mpya ni chache na za dume peke yake. Mpunga uliobaki umevunwa salama. Nimepita na bwana misitu kuweka alama pale penye pengo la wavu, na tumekubaliana msako mmoja tena kabla ya kusi kulegea, ikiwa majike mengine yatashuka.

Kwa bamvua lijalo: mitumbwi miwili imeshaazimwa, madumu sita ya maji safi yatakaa chini ya mnazi wa kwanza, msasi mkuu ataleta mbwa wake wazee tu. Bado natafuta mtu wa kuushika mtumbwi wa pili.